Dawa ya Ininahazwe

Mwanvua wa Katubuka, mjini Kigoma, alikuwa muuza mawese, na kwa miaka kumi na moja mawese yake yaliletwa kwa boti na Ininahazwe, mwanamke wa Rumonge, Burundi. Mwaka 2015, vurugu zilipozuka kwao, Ininahazwe alikimbilia Kagunga, upande wa Tanzania, bila dumu hata moja, akaishia kambini. Uvimbe wa titi alikuwa nao tayari, akauficha. Alipopata kibali cha kutibiwa mjini Kigoma, saratani ilikuwa imeshaingia kwenye nyonga na uti wa mgongo. Madaktari wakasema lililobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwanvua akamchukua kwake.

Muuguzi Pastory alileta chupa ya mofini ya maji, akaagiza mgonjwa apewe kila baada ya saa nne, hata kama maumivu hayajaanza. Akamfundisha Mwanvua kumgeuza kwa khanga iliyotandikwa chini yake, mto katikati ya magoti. Kugeuza aliweza. Dawa ndiyo iliyomtisha. Jirani alimwambia ile hupewa wanaokaribia kukata roho, na kweli siku ya kwanza mgonjwa alilala kutwa, mdomo wazi. Basi akawa anampa kwa adhana, tena si zote: Alfajiri, halafu hampi tena mpaka Adhuhuri. Hapo katikati Ininahazwe aliuma pindo la shuka, jasho likimtiririka, akisema mfupa unatobolewa kwa ndani.

Siku ya nne Ininahazwe akamwita.

"Shoga, unaogopa nife, au unaogopa nifie mkononi mwako?"

Mwanvua akamfuta jasho.

Pastory aliporudi, aliitazama chupa akaona imejaa mno. Hakumkaripia. Alimweleza kuwa usingizi ule ulikuwa wa mtu ambaye hajalala wiki nyingi.

"Mama, unachomzuilia si kifo," akasema. "Ni nafuu."

Akaacha na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo.

Tangu hapo Mwanvua alifuata saa ya ukutani. Maumivu hayakuisha, lakini yalipungua kiasi cha mtu kunywa uji na kuzungumza. Ininahazwe alimsimulia habari za mumewe, ambaye miaka yote ile hakuwahi kumtaja, na jinsi alivyoiacha maiti yake barabarani bila kuizika.

Wiki ya tatu, wakati wa kumgeuza, paja likavunjika. Mwanvua aliusikia mfupa. Pastory alisema ulishaliwa na saratani, ungevunjika hata kwa kupiga chafya, na dozi ikaongezwa. Mwanvua alimwitikia, ila moyoni hakukubali.

Ininahazwe alifariki Alhamisi mchana, saa moja baada ya dozi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwanvua. Watu wa kanisa lake walikuwa kambini wakisubiri kibali cha kutoka. Mwanvua hakujua desturi zao, akamwosha kama anavyojua yeye, akilinyanyua lile paja taratibu kwa mikono miwili. Jirani akamwambia haumii tena.

Mwanvua akasema anajua, akaendelea vilevile.