Maputo ya Shangazi

Mimi nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: nikiambiwa usifungue, nafungua. Mama aliuita kimbelembele. Baba alisema ni shule, maana nilikuwa wa kwanza pale kwetu kumaliza kidato cha nne, na kumaliza ndiko nilikomaliza, kufaulu ni habari nyingine. Basi katikati ya miaka ya tisini nikawa nimekaa nyumbani Kasulu nikisubiri matokeo ambayo kila mtu alishayajua isipokuwa mimi. Dada yangu akachumbiwa, nami nikapewa kamati ya mapambo. Kamati ilikuwa na mtu mmoja.

Mchumba mwenyewe alikuwa mgane mwenye mashine ya kusaga, mtu wa kanisani, mpole, anayevaa koti hata jua la saa nane. Mke wake wa kwanza alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kifua, walisema. Siku zile watu wengi walikufa kifua, na sisi Waha, kwa adabu zetu, tulilitaja neno hilo tukitazama chini, kisha tukaulizana habari za maharage. Mtoto wao mchanga alikuwa amemtangulia mama yake. Kifua pia. Hakuna aliyeuliza ni kifua gani hiki kinachofuata watu wa nyumba moja. Ng'ombe wa mahari walikuwa wanono na mashine ilinguruma kutwa. Leo nikikumbuka naona wazi kwamba kilichokuwa hatarini ni uhai wa dada yangu. Wakati ule mimi nilidhani ni mapambo.

Na mapambo nilikuwa nimeshayaona. Nyarugusu, tulikokwenda na mama kuwauzia wakimbizi vitunguu, watumishi wa shirika fulani walikuwa na sherehe yao uani: maputo yametundikwa kwenye kamba, na ndani ya kila puto kuna kitaa kinawaka. Jenereta ilikuwa inatoa moshi pembeni. Nilisimama na beseni langu kichwani hadi mama akanivuta sikio. Nikaapa kwamba siku ya sendofu dada yangu ataagwa chini ya taa kama zile, Kasulu yetu isiyo na umeme ipende isipende.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe nikatumwa Kibondo kumpelekea shangazi kadi. Huyu ni dada yake baba, masenge, kama tunavyoita kwa Kiha, na alikuwa mhudumu katika zahanati ya kambi moja upande ule. Kwetu masenge ndiye anayemfunda binti mambo ya ndoa. Mama hafungui mdomo. Shangazi aliisoma kadi, akarudi akalisoma jina la bwana harusi mara ya pili, akakaa kitako. Usiku nilimsikia akifungua na kufunga sanduku lake. Asubuhi akanipa boksi lililofungwa ndani ya kitenge, mafundo mawili.

"Mpe dada yako mkononi. Wewe usifungue."

"Ni nini, masenge?"

"Umeolewa?"

"Hapana."

"Basi yasiyokuhusu usiyaulize. Mwambie aliweke. Nitakuja kumweleza mwenyewe usiku wa kumfunda."

Basi halijatoka Kibondo vizuri, mafundo yote mawili yalikuwa chini. Ndani mlikuwa na vipakiti vidogo, vingi, na ndani ya kila kipakiti mpira mweupe uliokunjwa. Watoto wa kambini nilishawaona wakipuliza vitu hivi hivi na kuvikimbiza kwa uzi. Nikapiga kofi paja langu mwenyewe. Maputo! Tena meupe, rangi ya harusi! Nikasema moyoni, shangazi kumbe ana akili ya kisasa kuliko sisi wote.

Msinicheke. Kondomu nilikuwa nimezisikia redioni karibu kila jioni, lakini redio haina picha. Na mwalimu wetu wa baiolojia alipoufikia ukurasa wenyewe, alitutoa nje tukafyeke nyasi.

Dada sikumpa. Nilijiambia ana shughuli nyingi, na mwishowe si ataniachia mimi wa kamati? Nikaingia kazini. Balbu za tochi nilinunua kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu mwenye ndugu zake pwani, mtu wa maneno machache na mizani ya haki. Waya mwembamba niliuchomoa kwenye redio ya baba iliyokufa. Betri niliziomba kwa majirani, zile kuukuu ambazo kila nyumba huzilaza juu ya bati juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Nikazifunga mbilimbili kwa karatasi za daftari langu la fizikia, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo daftari lile liliwahi kufanya.

Maputo yalikuwa na mafuta, yakateleza mkononi. Nikayafua yote kwa sabuni ya unga na kuyaanika kwenye kamba ya nguo, mbele ya nyumba, kando ya barabara iendayo kanisani. Boksi zima, enhe!

Mwalimu wa kwaya akapita. Akasimama, akatazama kamba mwanzo hadi mwisho. "Hivi ni vya nini, binti?"

"Mapambo ya sendofu, mwalimu."

"Aa," akasema. "Mapambo." Akaondoka haraka, na yeye kwa kawaida ni mtu wa kuburuta miguu.

Mzee mmoja wa kanisa alivuka barabara akapitia upande wa pili. Mke wa mchungaji alinisalimia akiwa amegeukia mahindi. Vijana wa stendi walipita mara nne bila shughuli. Hakuna aliyenena, na ilinichukua muda kuelewa sababu: atakayesema anavijua ataulizwa alivijulia wapi. Basi mji mzima ukaamua kutovijua.

Kazi yenyewe ilitaka subira, kitu ambacho sikuumbiwa. Unafunga balbu kwenye kijiti cha bua ili ikae katikati, kwa sababu ikigusa mpira, inaupasua kwa joto. Unaingiza balbu na waya wake, unaingiza ganda la kalamu, unapuliza kupitia ganda, unakaza shingo kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, unachomoa ganda mbio kabla upepo haujatoroka. Mashavu yaliniuma siku mbili. Lakini lo, sijawahi kuona maputo imara kama yale. Unayavuta yanavutika, unayapiga yanarudi.

Siku ikafika. Saa moja jioni, wakwe wamekaa, kwaya imejipanga, giza linaanza kuingia uani, nikagusanisha waya wa mwisho. Maputo ishirini na nne yakawaka juu ya kiti cha dada yangu, na mengine yasiyo na taa yakazunguka kwenye miembe na michungwa yakiupokea ule mwanga. Yalikuwa meupe kama maziwa. Watu walisema "Yooo!" kwa pamoja, vigelegele vikapigwa, na dada yangu, aliyekuwa amesusa tangu asubuhi kwa sababu ya kiatu, akatazama juu akacheka. Kusema kweli nililia. Nililia kwa furaha, nikajiona mtu.

Msemaji wa wakwe, mzee wa heshima, akaipongeza kamati na kuomba wajukuu wake wapewe mawili. Mchungaji akakohoa. Bwana harusi alitazama juu mara moja tu, akainamisha kichwa, akaanza kufunga na kufungua kifungo cha koti.

Hapo ndipo shangazi akaingia, basi lilichelewa, vumbi hadi kwenye kope. Akasimama langoni. Nikamkimbilia.

"Lile boksi liko wapi?" akauliza.

"Si hilo hapo juu, masenge!"

"Yote?"

"Yote! Sikubakiza hata moja."

Akanitazama usoni. Sikuona hasira, na afadhali ningeiona. Alikuwa kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limechukuliwa. Akaenda kukaa nyuma kabisa, mkoba mapajani.

Ukafika wakati wa zawadi. Mshereheshaji akaita: shangazi wa bibi harusi, mfunda mwali, njoo na zawadi yako! Akaja mikono mitupu.

"Zawadi yangu niliitanguliza," alisema. "Naona mmeitundika."

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Msipige makofi. Hizi ni kondomu. Mnazijua, nimewaona mnavyokwepa kuzitazama. Nilimtumia mtoto wa kaka yangu nimweleze faraghani, nisimwaibishe mtu na nisipoteze kazi. Sasa faragha yenyewe imewashiwa taa. Mke wa kwanza wa huyu bwana nilimuuguza mimi kwa mikono hii, kule kambini alikoletwa mbali na macho ya mji, na mtoto wake nilimvisha sanda mimi. Hakikuwa kifua. Ulikuwa UKIMWI. Bwana mwenyewe simlaumu, pengine hajui. Basi akapime kwanza. Mficha maradhi kilio kitamuumbua."

"Kaa chini!" baba akafoka. "Umelewa?"

"Sijalewa, kaka. Nimeshuka kwenye basi."

Bwana harusi akainuka taratibu. Akamwambia baba, "Samahani kwa usumbufu, mzee," akatoka, na watu wake wakamfuata huku wakitukana kwa niaba yake. Hakukana. Hilo nililiona, na sikulisema kwa mtu. Dada yangu akavua kiatu kile kile cha ugomvi akamrushia shangazi.

"Umeniua, masenge!" alipiga kelele. "Umeniua!"

Puto moja likapasuka. Kwaya, kwa kukosa la kufanya, ikaimba.

Ng'ombe walirudi kwao. Shangazi alifukuzwa kazi kwa kutoa siri ya mgonjwa, na kwa sheria za kazi walikuwa sahihi. Baba hakumsalimia miaka sita. Nyumbani kwetu tukatafuta maelezo ya kutuwezesha kupita sokoni, tukayapata: shangazi ana maneno. Ana wivu, hakuzaa, alikunywa, ana maneno. Mimi pia niliyashika hayo. Niliyashika kuliko wote, kwa sababu aliyefungua boksi ni mimi. Dada yangu baadaye aliolewa na mkulima asiye na mashine wala koti. Leo ana wajukuu, anauza vitenge Kasulu mjini, na bado anasema masenge alimharibia harusi yake. Anasema hivyo kwa sauti kubwa, akiwa na afya njema.

Miezi mitano baada ya ile sendofu, mama mmoja kutoka Titye alikuja kuniulizia. Amesikia, alisema, kuna binti anayejua kutia taa kwenye maputo. Binti yake anaolewa. Nikamuuliza na nani. Akanijibu bila kusita: na yule bwana wa mashine.

Mama yangu alinitazama. Nikakubali. Ningesemaje? Nikisema neno, nimempa shangazi haki, na nyumba nzima ilikuwa imesimama juu ya kumnyima.

Nilikwenda dukani kwa yule mzee. "Safari hii ya rangi, mwanangu?" akauliza, akinihesabia maputo ya watoto, mekundu na ya kijani. "Afadhali."

Titye nilifika asubuhi. Bibi harusi alikuwa rika langu, mcheshi, mikono migumu ya jembe. Alikataa kukaa ndani kama mwali. Akaja kukaa nami kwenye mkeka, akajifunza haraka, ganda la kalamu, utepe wa tyubu, hivi na hivi. Tulicheka sana. Alikufa baada ya miaka miwili na miezi kadhaa, mumewe akafuata. Siku zile dawa zilikuwa bado hazijatufikia. Nilikwenda kumzika. Walisema kifua.

Lakini asubuhi ile tulikuwa wawili tu pale mkekani, mama yake yuko jikoni, na akaniuliza polepole, bila kunitazama, "Dada, yale maneno ya shangazi yako yalikuwa ya kweli?"

Nilikuwa na uzi mdomoni. Nilipata muda wa kutosha kuutoa.

"Masenge ana maneno mengi," nikamwambia.

"Nilijua," akasema, akashusha pumzi, akanishukuru. Kisha akachukua puto jekundu akalipuliza. Alikuwa na kifua kizuri yule binti. Mimi puto moja lilinitaka pumzi tano, yeye alilijaza kwa mbili.