Nilimwambia Shangazi Yuko Safi

Kosa ni langu. Unayesoma hapa usinitafutie sababu ya kunisamehe.

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza. Tulikuwa tunajaribu vifaa vidogo mno, vilivyoundwa kwa nyuzi za vinasaba, yaani DNA. Unaviweka kwenye seli hai zinazotoka na mkojo, vinaingia ndani, na vikikuta dalili ya saratani vinawaka kijani chini ya darubini. Tulitafuta saratani ya kibofu, maana watu wa ziwani wanaishi na kichocho miaka na miaka, nacho huweza kuileta.

Tulihitaji pia mkojo wa watu wenye afya, wa kulinganisha. Nikaenda Kiseke kwa shangazi, aliyenilea tangu mama afariki. Ujana wake wote alianika dagaa ufukweni.

"Mikojo ya kizee ina faida gani, mwanangu?" Akacheka, akanipa.

Kesho yake seli zake ziliwaka. Nikarudia. Zikawaka tena.

Sikuogopa, ndugu yangu. Nilikasirika. Mkuu wetu alitaka kuwaonyesha wageni matokeo wiki ileile, na mtu mwenye afya anayewaka angeharibu kazi yote. Nikajiambia vifaa vimekosea. Nikaumwaga ule mkojo, nikaweka wangu kwenye chupa yenye namba yake. Haukuwaka. Nikapongezwa.

Jumapili nikapita kumsalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ile mikojo yangu mliionaje?"

"Iko safi, shangazi."

"Mungu ni mwema," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Ningemwambia tu, nenda hospitali wakakuangalie. Basi.

Miezi ikapita, akaanza kukojoa damu. Binti yake akamsihi aende hospitali, akagoma. "Mwanangu wa maabara alinipima, niko safi. Hiki ni kichocho cha zamani." Mimi nilipata habari siku aliyopelekwa hospitali amebebwa. Daktari akasema saratani imeshatoka kwenye kibofu, imeingia mifupani.

Nilimwambia ukweli pale kitandani.

"Uliona, ukanyamaza?"

"Ndiyo, shangazi."

Akageukia ukutani. Hajasema nami tena hadi leo, na binti yake amenikataza kuingia wodini.

Nikaenda kwa mkuu, nikamwambia yote. Akafungua daftari, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni huyu mmoja tu?"

Hakuwa mmoja. Yuko mvuvi mmoja aliyetoa mkojo ufukweni, naye aliwaka, na mkojo wake niliumwaga. Namba yake ya simu haipatikani, na kule mwaloni, wanakoshushia samaki, wanasema alihama kambi.

Wewe unayepima watu, ukiona usichokitaka, sema. Kifaa kinaweza kukosea, lakini mwache mwenye mwili wake akahakikishe.

Na kama ulitoa mkojo pale ufukweni, ukaambiwa kwa mdomo tu kwamba uko safi, nenda kapime upya leo. Aliyekwambia huenda ni mimi.