Mdogo wangu asiyeona alivyoingia intaneti Shinyanga mjini

Vijana wa humu, marahaba, najua mtanisalimia. Na wakuu wote, habari zenu.

Mimi ni bibi, shule yangu iliishia darasa la pili, naandika kwa kidole kimoja. Kwa taabu hii sina haja ya kuongeza uongo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mdogo wangu Shija alikuwa mchimba dhahabu kule Nyarugusu. Baruti ikamlipukia ndani ya duara, lile shimo lao. Macho yote mawili yakazima.

Akapelekwa kituo cha wasioona, akafundishwa kompyuta inayosema. Aliporudi kwangu Didia, tukapata habari toka kituoni kwamba chuo cha kazi za kupokea simu kimemwandikia imeili. Asipojibu kabla ya jioni, nafasi anapewa mwingine.

Tukaenda mjini kwa Mama Nasrin, Mhindi mwenye duka la madaftari na fotokopi. Yeye alikuwa na intaneti. Shija akampa disketi ya kituoni yenye ile sauti inayosoma, mama akaiweka kwenye kompyuta.

Dalali mmoja wa almasi wa Maganzo, anasubiri fotokopi zake, akacheka. "Huyu naye kaja kutazama nini?"

"Nimekuja kusikiliza, kaka. Ukinyamaza nitasikia vizuri."

Nilidhani atapapasa kioo. Wala! Mausi yenyewe aliisukuma pembeni. Anabonyeza kibodi tu, na kila akibonyeza, sauti inataja kilichopo mbele yake. Kiingereza, tena mbio kama mnadi wa ng'ombe.

Nikamuuliza anapitaje humo.

"Kama uani kwako, dada, ila humu vitu vinajitaja. Huyu anasema mimi mtungi, yule anasema mimi mlango. Nikisikia mlango, naingia."

Mara akakwama. Sauti inataja herufi na namba zisizo na maana. Akarudi nyuma, akaja tena, yale yale. Nje kivuli kinarefuka.

"Mwanangu, ngoja nikusomee," Mama Nasrin akasema.

"Hapana, mama. Tangu baruti, kila barua yangu inaanzia masikioni mwa watu. Hii naisoma mwenyewe."

Akanigeukia. "Dada, hapa pana mlango, ila aliyeuweka kaweka picha bila jina. Usiniambie niende wapi. Niambie tu ni picha ya nini."

Nikaangalia kwenye kioo ile picha iliyozungushiwa vidoti. "Bahasha."

Akabonyeza. Ikafunguka!

Akainamisha sikio, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaandika jibu lake mwenyewe. "Wamenikubali, dada."

Yule dalali akauliza kama mashine ile inauzwa.

Njiani nikawa nawaza uani kwangu. Kwetu Usukumani mkamwana, mke wa mwanao, humheshimu mkwe kwa kunyamaza. Wakamwana wangu walikuwa wanapita mbele ya Shija kimya, wameinama, hata wakiwa na chungu cha moto. Adabu nzuri kabisa. Lakini kwake walikuwa ni zile picha zisizo na jina.

Funzo ni hilo. Asiyeona hataki kushikwa mkono kila mahali, anataka vitu vitajwe. Nanyi mnaotengeneza tovuti, picha zenu mmezipa majina? Mwenye ndugu asiyeona aseme hapo chini anapitaje humu. Nataka kujua.

Jioni ile niliwaita wakamwana wote, nikawaambia: "Kuanzia leo, anayepita mbele ya Shija ataje jina lake na alichobeba. Hiyo adabu ya kunyamaza mtanifanyia mimi ninayewaona."