Sindano za Mbavuni

Mwanzoni mwa miaka ya themanini vidonda vya tumbo vilinitoboka, nikapasuliwa kutoka chini ya kifua hadi kitovuni. Nilikuwa nikiuza mbuzi Isiolo, na hakuna aliyewahi kunisikia nikilalamika. Nilihakikisha soko zima linalijua hilo.

Daktari wa nusukaputi, kijana mpole, alinieleza kwamba ipo dawa ya ganzi ya kutuliza kidonda. Angeweza kuidunga mgongoni, karibu na uti, tumbo na pengine miguu ife ganzi. Au aidunge mbavuni, pande zote mbili, miguu ibaki na nguvu zake. Nikamwambia nilitahiriwa bila kupepesa jicho. Akanitazama, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kumbe kisu cha tohara hakimwambii mtu akohoe. Makohozi yalinijaa kifuani, nikawa napumua nusunusu, homa ikapanda. Nesi akasema sindano ya mbavuni bado ipo, na nisipokohoa, mapafu ndiyo yataniua, si tumbo. Akanikandamizia mto kwenye kidonda.

"Kohoa, mzee."

Nilijaribu. Sauti iliyonitoka, mbuzi wangu hawajawahi kuitoa hata wakichinjwa.

Nyuma ya pazia alikuwa ameketi mama mkwe, aliyekuja na mke wangu kuniletea mchuzi. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani wala hawazungumzi. Tangu nioe, akiingia kwa mlango wa mbele, mimi hutokea wa nyuma. Siku hiyo hata kugeuka sikuweza.

"Adungwe hiyo sindano ya mbavu," nikamsikia akimwambia nesi. "Msichana yangu bado anataka yeye."

Nilijifunika shuka hadi kichwani. Niliona aibu hadi nikatamani kidonda kifumuke nife. Yule kijana akaja, akazipapasa mbavu kwa kidole, akadunga chini ya moja, kisha nyingine, upande huu na ule. Sikubisha. Baada ya muda tumbo likawa kama la mtu mwingine.

Mama mkwe akasema tena, safari hii na mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Sasa kohoa, nisikie."

Nikakohoa mle mle chini ya shuka, kama mtoto aliyeamriwa. Haikuuma hata kidogo, na bado nililia, nami sikuwa tena na kidonda cha kusingizia.