Bunduki ya Baba katika Nyumba ya Kupanga

Sijawahi kuwinda, wala sijawahi kumlenga hata kunguru. Lakini nikikuambia kwamba najua kutunza bunduki, usidhani najisifu bure. Najisifu kwa haki yangu.

Bunduki yenyewe ni ya mtutu mmoja, kitako chake cha mti kimeng'arishwa na viganja vya baba. Aliimiliki kihalali tangu sijazaliwa, akaitumia kuwatisha fisi na wezi wa ng'ombe kwetu Itiryo. Ilining'inia juu ya kitanda chake, na wageni wa kiume walikaribishwa chumbani kuitazama, kama watu wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Macho yake yalipoanza kufifia aliniita mimi, mtoto wake wa tatu, mwanamke, mwalimu wa shule ya msingi. Kaka yangu, kifungua mimba, alikuwa amekaa palepale akisubiri kuitwa yeye.

"Huyu ana hasira za karibu," baba alisema, kaka akiwa anamsikia. "Wewe ukisema hapana, inabaki hapana."

Kwetu Wakurya, silaha ya baba kwenda kwa binti ni habari ya kuwafanya wazee waache pombe yao waje kuuliza. Walikuja, wakauliza, baba akawajibu kwamba ng'ombe wake na bunduki yake hawajawahi kuomba ushauri wao. Kisha akaikabidhi polisi, nami nikaanza safari ya kuomba leseni. Nilihojiwa kijijini, nikahojiwa kata, nikahojiwa wilayani, na kila ofisi ilirudia swali lilelile: utaiweka wapi? Walikuwa na sababu. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Nkende, katika ua wenye wapangaji wengine watatu, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mjaluo mwenye sheria moja tu, ila hiyo moja anaisimamia: ukuta wake haupigwi msumari. Kalenda yangu niliibandika kwa uji wa ngano. Sasa nilitaka kutoboa matundu manne ya ukubwa wa kidole gumba, ya kufungia sanduku la chuma la kuwekea bunduki.

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea karibu na stendi. Mara ya kwanza aliweka bawaba nje, nikamwambia afumue. Bawaba ya nje mwizi anaikata kwa tindo, kufuli likabaki linang'aa bila kazi. Alinung'unika, akafumua. "Mwalimu, umepata dhahabu nini?" akauliza, na vijana wawili waliokuja na baiskeli yao kutoka Matongo, kwenye migodi, wakageuza shingo. Hapo ndipo nilipoogopa. Huku kwetu mtu akiona chuma kinene haulizi mara mbili, anajua ni dhahabu, na uvumi wa dhahabu ungenivunjia mlango upesi kuliko uvumi wa bunduki. Nikamjibu kwamba mwalimu akipata dhahabu ataonekana kwa viatu. Walicheka, wakatazama viatu vyangu, wakaridhika. Sanduku lilifika nyumbani kwa mkokoteni, limeviringishwa ndani ya godoro.

Mama mwenye nyumba nilimwambia ukweli wote, kwa sababu nyumba ni yake. Aliutazama ukuta wake kama anauaga.

"Siku ukihama unaziba, na unapaka rangi ukuta mzima, siyo kiraka," alisema. "Na wapangaji wakiuliza, hilo ni kabati langu mimi, limekosa nafasi kwangu."

Likafungwa ukutani kwa bolti nne zinazokazwa kutoka ndani, nyuma ya nguo zangu. Risasi nikaziwekea kisanduku chake na kufuli lake, chumba kingine. Askari alikuja kukagua, akalitikisa sanduku kwa mikono miwili, likakataa kutikisika. Nilitamani angelitikisa tena.

Siku nilipokabidhiwa bunduki, baba alinipa agizo moja tu: "Mtu akikuuliza ufunguo uko wapi, usimwambie. Hata mimi." Nilidhani ni maneno ya wazee ya kukolezea mazungumzo. Hata hivyo nililishika, na hata wewe unayesoma sikuambii.

Jumamosi moja asubuhi nafua uani, kaka akaingia na bodaboda, jasho linamtiririka. Ng'ombe kumi na mmoja wa baba hawaonekani. Yowe limepigwa, wanaume wameshaanza kufuata nyayo. Na yowe kwetu halina mjadala: likipigwa, kila mwenye silaha anatoka nayo, na anayeificha anabeba aibu yake mpaka kaburini.

"Lete bunduki," alisema.

"Kaka, leseni ina jina langu. Haitoki mikononi mwangu kwenda mikononi mwako. Wacha tupigie polisi."

"Polisi watakamua hao ng'ombe?"

Nilipiga kituoni nikaeleza, naye anafoka juu ya sauti yangu. Wapangaji walitoka milangoni. Mama mwenye nyumba alikuja na mwiko mkononi, akasimama upande wangu. Ndipo kaka akampigia baba na kuiweka simu kwa sauti kubwa, ua mzima usikie.

"Mwanangu, mpe," baba alisema.

"Tata, siwezi."

"Ng'ombe ni wangu. Ufunguo uko wapi?"

Sijawahi kumkatalia baba yangu kitu. Mikono yangu ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko.

"Sisemi, tata."

Simu ikakatika. Kaka alinitazama, akatema mate chini. "Umemvua baba nguo mbele za watu," alisema, akapanda bodaboda na rungu lake. Mimi nilirudi kwenye beseni, nikafua huku nalia, na sioni haya kusema hivyo.

Alasiri ng'ombe walipatikana, wote kumi na mmoja, kwa mjomba wetu ng'ambo ya bonde. Walikuwa wameingia kwenye mahindi yake, akawafungia zizini kwake ili mwenyewe aje wazungumze. Alikuwa ametuma habari, lakini yowe lilitangulia. Kaka na wenzake walipofika palitupwa matusi, kibuyu kimoja kikavunjika, basi. Siku chache baadaye kaka alinipigia. Alisema mtu wa kwanza kuchungulia kwenye zizi lile alikuwa mtoto wa mjomba, na yeye kaka alikuwa ameshainua rungu kabla hajamtambua. "Ningekuwa nayo ningepiga," alisema. Kisha salio lake likaisha.

Wiki iliyofuata baba alikuja mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti, naye akakigeuza akaketi akilielekea sanduku. Alikunywa chai yote bila kutaja ng'ombe wala simu. Kisha akatoa ndani ya koti kifuko cha chumvi, akanikabidhi. Kilikuwa kizito. Ndani mlikuwa na risasi nne.

"Nilijibakizia," alisema. "Zilikuwa ghalani, chini ya ulezi. Nilisema huyu binti akishindwa, nisikose pa kuanzia." Akafuta midomo. "Zifungie. Kesho uzipeleke kituoni zikaandikwe."

Nilisimama na kile kifuko. Yeye hakuondoka kitini.

"Tata," nikasema, "naomba utoke nje kidogo."

Baba yangu hajawahi kutolewa chumbani na mtu yeyote. Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, akachukua fimbo yake, akatoka, akasimama karibu na kamba ya nguo akiupa mlango mgongo. Nilimsikia mama mwenye nyumba akimuuliza, mzee, mbona unasimama juani, unasubiri nini?

"Mwenye bunduki yuko ndani," baba alisema. "Anafunga."