Nafasi Moja ya Bweni

Juzi nilimwona binti akilia nje ya shule, ameng'ang'ania kitenge cha mama yake, nikakumbuka mchana mmoja kule Bugarama. Ofisi ya mwalimu mkuu ilinuka chaki, na kwa mbali zilinguruma mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Baba alikuwa amefukiwa na kifusi machimboni.

"Imebaki nafasi moja ya bweni," mwalimu alisema. "Tunaanza na asiye na baba wala mama."

"Huyu amebaki na mimi tu, mwalimu," mama alijibu taratibu.

Leo najua walikuwa wakimtafuta mwenye shida zaidi. Siku ile nilielewa kwamba ili nisome, lazima mama naye afe.

"Mayu, twende nyumbani!" nilimpigia mama yowe. "Sitaki shule!"

Mwalimu alinitazama, kisha akanipa nafasi. Kwangu hiyo ilikuwa taarifa ya msiba: nimepata nafasi, basi mama atakufa. Niliishi na hofu hiyo mpaka siku ya kutembelewa, nilipomsikia mama akicheka na matroni.