Medali ya Mume wa Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, hatulii hata siku za kawaida; siku ya kuwakumbuka askari ndiyo usiseme. Medali ya marehemu mumewe aliibandika kifuani kushoto, akaibandua, akairudisha kushoto.

Uwanjani, mzee mmoja mstaafu wa jeshi akamnong'oneza, "Mama, kushoto ni kwa aliyepigana mwenyewe. Jamaa zake huvaa kulia."

"Na mimi sikupigana, mzee wangu? Miaka thelathini bwana yule ananitwanga mateke usingizini, anadhani mimi ndiye adui!"

Majina ya askari marehemu yakaanza kusomwa. Shangazi akahangaika kuihamisha, pini imegoma. Mzee akaifungua, akamvalisha kulia.

Jina la mumewe lilipoitwa, shangazi akaitika hadi uwanja mzima ukageuka: "Tupo!"